Namna ya kuipanga upya sekondari ya Lubumbashi ili kila finalisti aweze chuo na aweze kazi

Siku matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka, mitaa ya Katuba na Kenya (Kenya hii ni mtaa wa Lubumbashi, Kongo) hugeuka nyeupe. Finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyepata ujumbe kwenye simu humwagiwa poda kuanzia nywele hadi viatu, majirani hupiga masufuria, mama hutoka mbio kutafuta kuku. Poda ikishaoshwa, linabaki swali ambalo shule nyingi hazijawahi kuona kama ni kazi yao kulijibu: sasa huyu mtoto anaelekea wapi?

Nimekula chaki miaka mingi katika sekondari za Lubumbashi, kwanza nikifundisha hesabu, baadaye nikiwa prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule. Ninayoandika hapa ni ya mwenye shule ya kawaida: zamu mbili kwa siku, karakana yenye mashine mbili zinazozunguka na tatu zilizofunikwa turubai, walimu ambao baadhi yao bado hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Mwenye mfadhili atakuwa na mwongozo wake, na pengine na gari pia.

Nadai jambo moja. Tuache kuwagawa watoto mafungu mawili, hawa wa chuo kikuu na wale wa mikono. Mtoto wa sayansi ashike chombo, mtoto wa ufundi aandike na kukokotoa kama atakayeingia UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) kesho, na wa biashara na pedagogia (ualimu) vivyo hivyo. Na kazi ya kufika huko inaanzia kwenye ratiba ya wiki. Jengo jipya linaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Watafute mafinalisti wako wa miaka mitatu iliyopita

Fungua rejista. Nakili majina yote kwenye daftari jipya, na mbele ya kila jina piga safu nne: yuko wapi, anafanya nini, anatumia nini katika aliyosoma, alikosa nini. Safu ya nne ndiyo yenye mali.

Usitume fomu, hairudi. Toka uende. Sisi tulianza Jumamosi moja kwenye soko la Kenya, mimi na mwalimu wa Kifaransa, daftari kwapani. Msichana aliyemaliza pedagogia tulimkuta na meza ya vitumbula. Alikuwa anafundisha shule ya msingi asubuhi bila mshahara, akingoja jina lake lipite, na mchana anauza. Wa biashara alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kubadilisha pesa, anahesabu faranga haraka kuliko mashine. Kijana wa umeme alikuwa kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Nikamuuliza alijifunzia wapi kutumia multimetre, kile chombo cha kupimia umeme. Akacheka kwa heshima, kichwa chini.

"Hapa hapa, papa prefe. Kule masomo niliichoraka tu."

Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa na alama za kujivunia. Aliichora multimetre kwa rula, kila kitufe na jina lake kwa Kifaransa kisicho na kosa, nami niliwahi kulisifu daftari lile mbele ya inspekta.

Usipompata kijana mwenyewe, mtafute mama yake, na mama utampata kanisani. Waliokwenda Kolwezi, au Kasumbalesa mpakani na Zambia, wapigie simu. Usiwaruke walioko chuoni ukidhani hao wamefaulu tayari. Mmoja wa kwetu, akiwa mwaka wa kwanza UNILU, alituambia kwamba miezi mitatu ya mwanzo alikuwa akinakili maneno ya profesa bila kuyaelewa, halafu usiku anamlipia mwenzake kopi za maandishi yake.

Ukimaliza usihangaike na asilimia. Tafuta sentensi zinazojirudia. Kwetu zilijirudia tatu: sikuwahi kushika chombo, sikujua kuandika barua wala ripoti, Kifaransa cha darasani hakikunitosha nilipotoka. Angalia vizuri nani anasema nini. Ya pili na ya tatu walizisema wa chuoni na wa sokoni sawasawa. Hapo ndipo nilipoacha kuamini mafungu mawili. Walichokosa ni kimoja, wakakikosea mahali tofauti.

Hatua ya 2: Kaa na wazazi kabla hujagusa kitu

Shule ya msingi ya Serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado inasimama juu ya mfuko wa mzazi. Kwa hiyo komite ya wazazi ina sauti, na ni haki iwe nayo. Ukibadili ratiba bila kuwaita, wiki inayofuata utakuwa unajieleza ofisini kwa mkuu wa elimu wa wilaya.

Katika mkutano wetu wa kwanza mama mmoja alisimama, kitenge amekikaza, akasema: "Papa prefe, miye nalipaka minervali juu mwana aende UNILU, hapana juu akuwe fundi wa kuran." Minervali ni ada ya shule, kuran ni umeme. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Jibu langu la kwanza lilikuwa baya. Nilianza kuzungumzia uhaba wa kazi, na kila nilivyoendelea nyuso zilizidi kufunga, maana kwa mzazi ilikuwa kama ninawatabiria watoto njaa. Tukumbuke wanatoka wapi. Katika mji huu kizazi kizima kililelewa na Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali: kazi ya baba, shule ya mtoto, hospitali, unga wa kila mwezi, vyote mlango mmoja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ule ulioitwa wa hiari, na wengi wao ni baba za watu waliokaa kwenye mabenchi yale. Waliona kwa macho yao kwamba mikono peke yake iliachwa nje ya geti, ila wenye makaratasi makubwa walipata pa kushika. Hofu yao ina akili.

Mkutano wa pili nilifika na mambo mawili. La kwanza lilikuwa yule kijana wa kibanda cha simu, aliyekuja na multimetre yake mfukoni, akaeleza kwamba anarudi chuoni mwaka huo na kwamba kibanda ndicho kinachomlipia. La pili lilikuwa mfano wa mbali, kutoka Marekani, na nilihakikisha nimeueleza wote bila kuupamba.

Mwaka 1969, mjini Philadelphia, ilianza namna ya shule ndani ya shule: kundi la wanafunzi linakaa pamoja miaka mitatu au minne na walimu wale wale, masomo ya kawaida yanafundishwa yakizunguka fani moja, umeme kwa mfano, na waajiri wa mjini wanapokea vijana. Namna hiyo ilienea. Taasisi ya utafiti ya MDRC ikawafuatilia vijana walioingia humo na wenzao waliokosa nafasi kwa bahati nasibu, hadi miaka 8 baada ya sekondari. Walioingia walikuwa wanapata kipato cha juu zaidi, wastani wa asilimia 11 kwa mwaka. Na upande wa chuo? Hakuna tofauti: hawakuwazidi wenzao, na hawakupungukiwa. Hiyo ndiyo sentensi mama yule aliniomba niirudie. Kushika chombo hakukumfungia mtoto wa mtu yeyote mlango wa chuo.

Kuna jambo la uchungu katika utafiti huo huo: ongezeko la kipato lilikuwa hasa la wavulana, kwa wasichana halikuonekana wazi. Nililisema hilo pia, na nitalirudia chini. Wamarekani wana mashine na bajeti ambazo sisi hatuna, hilo linajulikana. Lakini walimu watano kukaa na kundi moja na kuongea wao kwa wao, hiyo haihitaji dola.

Hatua ya 3: Darasa moja tu, na usiguse idadi ya saa

Programu ya masomo inatoka Kinshasa, kwenye wizara ya elimu, na prefe hana mamlaka ya kufuta saa ya historia ili aongeze ya karakana. Usijaribu. Unachoweza kugusa ni mpangilio: somo gani liko karibu na lipi, nani anamfuata nani, nini kinafanyika Jumamosi.

Chagua darasa moja la tatu humanité, yaani mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari ya juu. La nne liache, lina Exetat kichwani na wazazi hawatakusamehe ukilichezea. La kwanza bado linajitafuta. Kama shule yako ina opsioni (michepuo) mbili au tatu, chukua la tatu umeme na la tatu sayansi, au la tatu biashara na la tatu ushonaji. Muhimu ni kwamba moja linashika na lingine linakokotoa, na utayakutanisha.

Kisha fanya haya kwenye karatasi kubwa ya ratiba, kwa penseli. Saa mbili za hesabu zifuatane mara moja kwa wiki badala ya kutawanyika. Kifaransa kifuatane na somo la fani, ili ripoti ya karakana iandikwe mikono ikiwa bado na mafuta. Jumamosi, ambayo katika shule nyingi hufa kuanzia saa nne, iwe siku ya kazi ya pamoja. Halafu tafuta saa moja, moja tu, ambayo walimu wote watano wa darasa hilo wako huru kwa wakati mmoja.

Saa hiyo ndiyo itakayokutoa jasho. Mwalimu wa hesabu yuko kwako asubuhi na mchana yuko shule nyingine Kampemba, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi bukari (ugali) ya mwezi. Mimi nilikaa na ratiba jioni nne. Hatimaye saa ilipatikana Jumatano, baada ya mwalimu wa fizikia kukubali kubadilishana na wa dini. Tulimpa kila mmoja nauli ya siku hiyo kutoka mfuko wa komite, na chai. Bila nauli wangekuja wiki mbili za kwanza kwa adabu tu.

Andika barua moja kwa inspekta na kwa mkuu wa elimu wa mkoa, ueleze kwamba saa zote za programu zimetimizwa, uambatishe ratiba. Inspekta akija hatakuta jambo la siri. Na kama darasa lako la sayansi linafuata programu mpya, una hoja mkononi: programu ile yenyewe inataka kila somo lianze na tukio la maisha, wanafunzi walitatue. Wewe unatekeleza kilichoandikwa.

Hatua ya 4: Kazi moja kwa muhula, yenye mwisho unaoonekana

Hapa ndipo walimu wengi hupotea, kwa kutaka kazi kubwa. Nitaonyesha moja tuliyoifanya, kwa hesabu zake.

Darasa letu la zamu ya mchana lilikuwa linamaliza gizani kila SNEL, shirika la umeme la taifa, ikikata. Tukawapa watoto swali: tunataka taa 4 kwenye darasa hili, saa 4 kila jioni, bila kungoja SNEL. Tunahitaji nini?

Kundi la sayansi lilianza. Taa ya LED wati 9. Nne ni wati 36. Kwa saa 4, wati-saa 144. Betri ya volti 12: gawa 144 kwa 12, unapata amper-saa 12. Mikono ikapanda, jibu limepatikana, betri ya amper-saa 12. Mwalimu wa umeme akawaacha wafurahi kidogo, kisha akauliza betri ya namna hiyo ukiinywesha hadi tone la mwisho kila usiku itaishi miezi mingapi. Kijana mmoja ambaye baba yake anachaji betri Katuba ndiye aliyejibu: usivuke nusu. Kwa hiyo 24. Na Januari, mvua ikinyesha siku mbili bila jua? Basi 48. Ubao ulifutwa mara tatu, na kila kufuta kulikuwa na sababu.

Paneli nayo: tukichukulia saa 4 za jua lenye nguvu, 144 gawa kwa 4 ni wati 36, ongeza kwa ajili ya kinachopotea kwenye nyaya na betri, nunua ya 50. Watoto wa biashara wakatumwa mjini kuleta proforma (karatasi za bei) tatu kutoka maduka matatu, wakazilinganisha, wakagundua kwamba iliyo rahisi haikuhesabu nyaya. Kwenye Kifaransa wote waliandika barua ya kuomba mchango kwa komite ya wazazi, kisha ripoti ya kurasa mbili. Barua bora ilisomwa mkutanoni na mwandishi wake, msichana wa sayansi ambaye kabla ya hapo sikuwahi kusikia sauti yake.

Taa ziliwaka mwezi wa nne. Mbili tu, pesa iliishia hapo. Lakini betri ilinunuliwa ya ukubwa wote, na watoto walijua kwa nini.

Kazi nyingine zinazofaa, bila mashine: kupima uwanja wa shule na kuchora ramani ya mfereji wa maji ya mvua, kupiga hesabu ya sare za darasa la kwanza na kuzishona kwenye opsioni ya ushonaji, biashara wakiweka vitabu vya hesabu, wa pedagogia kuandaa na kufundisha somo halisi la hesabu kwenye shule ya msingi ya jirani. Kipimo ni hiki: mwishoni mtu asiye mwalimu aweze kuangalia na kusema hii inafanya kazi au haifanyi.

Alama zitoke humo humo, zigawanywe kwenye kipindi: hesabu kwa mwalimu wa hesabu, ripoti kwa wa Kifaransa, usakinishaji kwa wa umeme. Kazi isiyo na alama kwenye buletini (ripoti ya alama) mtoto wa nchi hii haitambui, wala mzazi wake.

Hatua ya 5: Staji (mafunzo kazini), na jinsi ya kuzuia isiwe ufagio

Mwaka mmoja tuliwapeleka vijana wetu wa umeme mwezi mzima kwenye kampuni moja kubwa. Tulifurahi, tulipiga picha getini. Waliporudi niliwauliza walifanya nini. Walifagia. Walihamisha makabati. Mmoja alipeleka barua kutoka ofisi hadi ofisi na siku ya mwisho alionyeshwa transfoma kwa mbali. Karatasi zao za staji zilijaa alama za juu na mhuri mwekundu. Kosa lilikuwa letu kwanza: hatukuwa tumeandika popote tunataka wajifunze nini.

Tangu hapo tunafuata hivi. Tunaanza na walio karibu: gereji, mafundi wa kuchomelea, wanaofunga umeme nyumbani, famasia, tanuri za mikate, ofisi za wakala wa forodha, washonaji. Kampuni za migodi hupokea mrundo wa barua kila wiki. Fundi wa barabarani hajawahi kuandikiwa barua na shule yoyote, na ukimwandikia atakupokea kwa kiti. Nenda mwenyewe, na umwite kwa heshima yake. "Mukubwa, tunakuletea watoto wawili, uwafundishe hiki na hiki." Wawili wawili, usizidishe.

Mkataba wa staji uwe ukurasa mmoja. Majina, siku na saa, mambo matano mtoto atakayoweza kufanya akitoka, jina la anayemsimamia, na mambo asiyofanya kamwe. Yale matano yaandikwe kwa Kiswahili, kwa vitendo: kupima volti kwenye soketi, kubadilisha fyuzi na kueleza kwa nini iliungua, kusoma mchoro wa nyumba yenye vyumba vitatu. Fundi anaweka saini yake mbele ya kila kimoja siku mtoto alipokiweza. Daftari la staji mtoto analijaza jioni, mistari mitano, Kifaransa. Mwalimu mmoja anapita mara moja kwa wiki bila kutoa taarifa.

Kuhusu migodi sina mjadala. Kwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na shimo la wachimbaji si mahali pa staji hata kama mjomba wake ndiye mwenye shimo. Kampuni yenye ofisi, maabara au karakana ya magari ni habari nyingine, ikiwa itampa buti, glavu na miwani kabla hajavuka geti.

Sheria ya madini ilivyorekebishwa 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mradi. Kama shule yako iko ndani ya eneo hilo, komite iingie kwenye vikao vya kupanga matumizi, na ifike na orodha fupi ya bei: multimetre 10, seti 5 za bisibisi, kabati la kufungia. Anayeomba "msaada kwa elimu" hupewa madaftari yenye nembo.

Hatua ya 6: Kifaransa, kila siku na kwa sababu

Watoto wetu wanawaza kwa Kiswahili, wanacheka kwa Kiswahili, wanafanya mtihani kwa Kifaransa. Usiwapige marufuku lugha yao. Ubishi wa kwanza wa kazi ufanyike kwa Kiswahili, ndipo fikra zinapotoka. Ripoti iandikwe Kifaransa, isomwe kwa sauti, isahihishwe, isomwe tena. Exetat yenyewe, kabla ya zile siku nne za kikao cha kawaida, ina insha na Kifaransa cha kusema, kwa hiyo hakuna mzazi atakayelalamika. Kiingereza nacho kipewe uzito kwa anayetazama Kasumbalesa na Zambia. Saa moja ya kusoma maagizo ya usalama yaliyobandikwa kwenye mapipa ya kemikali inamfaa zaidi ya mwezi wa kukariri vitenzi.

Hatua ya 7: Rudi nyuma hadi darasa la nane

Opsioni huchaguliwa baada ya darasa la nane, na mara nyingi huchaguliwa vibaya: sayansi kwa ajili ya jina, biashara kwa sababu inaendeshwa kwa chaki tupu na iko karibu na nyumbani. Mtihani wa taifa wa kuelekeza upo, lakini matokeo yake hayajui mtoto anapenda nini. Mwezi wa tano peleka kila darasa la nane likakae siku nzima ndani ya opsioni mbili tofauti. Si kutembezwa, kukaa na kufanya zoezi.

Wasichana wapelekwe umeme na mekanika kwa zamu yao, na mwalimu aambiwe mapema asiwape kazi ya kuandika ubaoni huku wavulana wakishika bisibisi. Nimeona hivyo kwenye karakana yangu mwenyewe, wasichana watatu wenye mwandiko mzuri mwaka mzima. Tulibadilisha kwa kanuni ndogo: anayeshika chombo leo ni anayeandika kesho, majina yamebandikwa mlangoni.

Hatua ya 8: Bahasha ya finalisti

Mwezi wa tano wa darasa la nne, kabla homa ya Exetat haijapanda, kila finalisti aandae bahasha moja. Ndani: nakala za buletini, daftari la staji lenye saini za fundi, ripoti moja ya kazi ya pamoja, barua moja ya kuomba kazi na moja ya kuomba chuo, zote zimesahihishwa. Mwalimu wa darasa akae na kila mtoto dakika kumi na mzazi wake, wataje milango mitatu.

Milango hiyo itajwe kwa majina. UNILU, na ajue kwamba kitivo cha Polytechnique kina mtihani wake wa kuingia, kwa hiyo hesabu haishii na Exetat. Vyuo vya ISP kwa anayetaka kufundisha, ISTM kwa afya, ISC kwa biashara, ESIS kwa kompyuta. Kwa mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) licence, digrii ya kwanza, ni miaka mitatu, mzazi apige hesabu ya miaka hiyo mapema. INPP, iliyoanzishwa 1964, ina tawi hapa Lubumbashi na inatoa mafunzo ya fani. Kwa aliyekosa diploma ya Exetat ni mlango, na kwa aliyeipata pia, ingawa wazazi wengi hawalijui hili la pili. Halafu mlango wa tatu uwe ule wa fundi aliyempokea kwenye staji. Kwetu baadhi ya mafundi hao wamewachukua vijana likizo ile ile, na pesa ya likizo ndiyo iliyolipa karatasi za kujiandikisha chuoni.

Kabla hajatoka na bahasha yake, fungua lile daftari la hatua ya kwanza, ukurasa mpya. Andika jina, opsioni, milango mitatu, na namba mbili za simu: yake na ya mama yake. Ya kwake itakuwa imebadilika kabla ya Krismasi.